Wakfu wa Mtandao: Tarikhi ya Majukwaa Yasiyo na Bwana Mmoja

Aghalabu mtu anayeitafuta tarikhi ya mitandao ya kijamii huianzia mwaka 2004, Facebook ilipozaliwa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Harvard, au mwaka 2006, Twitter ilipofuata, naye husadiki kwamba kabla ya hapo watu hawakuwa na njia ya kusemezana hadharani kwa kompyuta. Na kwa kuwa ameanzia hapo, huona kuwa ndiyo maumbile ya mambo kwamba mazungumzo ya mamilioni ya watu yawe ndani ya nyumba ya tajiri mmoja, chini ya kanuni zake na kwa hisani yake. Sivyo ilivyokuwa. Majukwaa yasiyo na bwana mmoja yalitangulia kwa robo karne, yakastawi, yakafifia, yakafufuka, na kila yalipofifia ufundi ulikuwapo tele. Waliokosekana ni watu wa kuubeba mzigo wa kuyaangalia.

Sisi watu wa pwani tuna utaratibu wa kale unaofaa kulipimia jambo hili, nao ni wakfu. Mtu huliondoa shamba lake la minazi katika milki yake, akaliweka kwa manufaa ya msikiti, au ya maskini, au ya wasafiri, nalo tangu siku hiyo haliuzwi, halirithiwi, wala halitolewi zawadi. Lakini sharia haikuishia hapo. Ilitaka kila wakfu uwe na mutawalli, mtu wa kukusanya mapato, kuziba paa linalovuja na kutoa hesabu, kwa maana shamba lisilo na mwangalizi hugeuka kichaka, hata kama hati yake ni safi na mashahidi wake ni waadilifu.

Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, walitamani kupashana habari na wenzao wa vyuo vingine waliokuwa wakitumia mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Walakini mtandao mkubwa wa Marekani wa zama hizo, ARPANET, uligharamiwa na Wizara ya Ulinzi, na chuo kisichokuwa na mkataba na wizara hiyo hakikuwa na mlango wa kuuingilia. Basi kwa kushirikiana na Steve Bellovin wa chuo jirani, Chuo Kikuu cha North Carolina, wakabuni njia ya kuifanya kompyuta moja iipigie nyingine kwa laini ya simu ya kawaida, iikabidhi habari mpya ilizo nazo, ipokee ilizozikosa, kisha ikate simu; na ile iliyopokea nayo izipeleke kwa jirani zake, hata habari iliyoandikwa Duke ikafika upande wa pili wa nchi bila ya kupita katika makao makuu, kwa sababu makao makuu hayakuwepo. Mtandao huo uliitwa Usenet. Kila msimamizi aliamua mwenyewe ni makundi gani ya mazungumzo atayapokea na yapi atayakataa, na gharama ya simu ilibebwa na chuo au kampuni iliyomiliki kompyuta, bila ya msomaji kuiona.

Usenet ilikuwa ya wenye vyuo. Watu wa kawaida walipata mlango wao mwaka 1984, pale Tom Jennings wa San Francisco alipoandika programu iitwayo Fido, iliyoigeuza kompyuta ndogo ya nyumbani kuwa ubao wa matangazo: mtu alipiga simu, akasoma yaliyoandikwa na wenzake, akaacha lake, akakata ili mwingine apate nafasi, kwani laini ilikuwa moja. Kisha Jennings akazipa mbao hizo uwezo wa kupigiana simu zenyewe kwa zenyewe, na hapo FidoNet ikazaliwa. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Ilipofika saa iliyowekwa, usiku wa manane, wakati simu za masafa marefu zilipokuwa rahisi, kila kompyuta ya FidoNet iliwafungia watu mlango na kushughulika na barua tu. Modemu ikapiga namba, ikapokelewa na modemu ya mji mwingine, zikalizana kwa sauti zile kali za kutambuana, zikapeana furushi la barua lililobanwa likawa dogo ili dakika zisiongezeke, zikaagana. Barua ya kwenda mbali ilihamia kituo hata kituo, na jibu likarudi baada ya siku moja, mbili au zaidi. Mwenye kompyuta alikuwa amelala, lakini bili ya simu ilipokuja mwisho wa mwezi ilikuja kwa jina lake.

Unyonge huo wa FidoNet, yaani kutohitaji zaidi ya simu, kompyuta duni na subira, ndio ulioifikisha Afrika Mashariki kabla ya intaneti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kituo cha Fido jijini Nairobi, katika shirika la Environment Liaison Centre International, kilichounganishwa na ulimwengu kupitia GreenNet ya London. Na mradi ulioitwa ESANET, uliosaidiwa kwa fedha za Kanada, uliviunganisha kwa ufundi huohuo vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu vijana wetu wengi wamelelewa katika dhana ya kwamba sisi tulikuja mtandaoni tukiwa wateja, tukaikuta nyumba imekwisha jengwa na bei imekwisha kupangwa, ilhali baadhi ya barua za kwanza za kompyuta katika nchi hizi zilipita katika vyombo vilivyoangaliwa na mafundi wetu wenyewe, katika vyumba vya vyuo vyetu wenyewe, kwa utaratibu ambao hakuna kampuni iliyoumiliki.

Tarehe 30 Aprili 1993, maabara ya CERN iliyoko Geneva ilitoa waraka mfupi wa kuiachia dunia nzima ufundi wa wavuti aliokuwa ameubuni Tim Berners-Lee, pasi na ada wala ruhusa, na sidhani kama karne ile ilishuhudia wakfu mkubwa kuliko huo. Kila mwenye kompyuta iliyounganishwa aliweza kufungua ukurasa wake. Zikaja blogu, ukaja na utaratibu wa RSS uliomwezesha msomaji kuzifuatilia kurasa mia kwa mara moja bila ya kumuomba mtu idhini, na kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba jambo limekwisha: mtandao ni wa watu wote, na utabaki wa watu wote.

Walakini palikuwa na nyufa, na aliyetaka kuziona aliziona mapema. Mwezi wa Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mke na mume, walilimwaga tangazo lao la biashara ya vibali vya kuishi Marekani katika maelfu ya makundi ya Usenet kwa mara moja. Watu walighadhibika, lakini ghadhabu si ulinzi. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kuondoa takataka, na wale waliokuwa wakiziondoa kwa hiari walikuwa na kazi zao za mchana, matangazo yakaongezeka mwaka hata mwaka, wenye busara wakahama kimyakimya, na vyuo vikaanza kuzizima seva za Usenet. Nyumba za matajiri zilipofunguliwa, zikiwa zimefagiwa, zina taa, na hazina ada mlangoni, watu waliingia kwa hiari yao. Si haki kuwalaumu. Mtu aliyetaka kuona picha za mjukuu wake hakupaswa kujifunza kwanza namna ya kuiendesha seva.

Kuna kisa kimoja cha zama hizo ambacho kila mpenzi wa mtandao wa wazi hana budi kukijua. Mwezi wa Januari 1999 Jeremie Miller alitangaza mradi wa Jabber, itifaki ya ujumbe wa papo hapo iliyoruhusu seva ya huyu kuzungumza na seva ya yule, kama zifanyavyo barua pepe. Mwaka 2005 Google ikaanzisha huduma yake ya Google Talk kwa itifaki hiyohiyo, na mwanzoni mwa 2006 ikafungua milango, hata mtu mwenye seva ndogo nyumbani kwake akaweza kuzungumza na mtumiaji yeyote wa Google. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini kidogo kidogo wingi wa watu ukawa upande mmoja, na mwaka 2013 Google ilipokuja na huduma mpya ya Hangouts, haikuubeba uhusiano ule na seva za nje; wale wa pembeni wakajikuta wameachwa na marafiki zao wenyewe, ambao wengi wao hata hawakujua kwamba kuna mlango uliofungwa. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, kampuni hiyo ikaifunga Google Reader, programu ya kusomea RSS iliyokuwa imewazoesha watu wengi mno kiasi kwamba programu nyingine za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kudhoofu. Jabber na RSS zote mbili zingali hai hata leo. Kilichoondoka ni makutano.

Waliojaribu kujenga upya walianza kabla ya mabomoko hayo kukamilika. Evan Prodromou, akiwa Montréal, alifungua identi.ca mwezi wa Julai 2008, jukwaa la ujumbe mfupi kwa mfano wa Twitter, ila programu yake ilikuwa huria na yeyote aliweza kuisimika kwake na kuunganika na wengine. Mwaka 2013 aliibadilisha programu hiyo kwa nyingine, na jumuiya ikatawanyika. Mwaka 2010 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha New York, waliosikia hotuba ya mwanasheria Eben Moglen juu ya uhuru na mawingu ya kompyuta, waliomba umma mchango wa dola 10,000 wajenge mtandao ulioitwa Diaspora, wakapewa takriban dola 200,000, na pamoja nazo matumaini mazito kuliko umri wao. Mmoja wao, Ilya Zhitomirskiy, alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka uliofuata waliobaki waliikabidhi kazi hiyo kwa jumuiya ya wachangiaji, ambayo ingali ikiiangalia. Magazeti yaliiita Diaspora kushindwa. Mimi naona hukumu hiyo haina insafu, kwani iliwafundisha waliokuja nyuma kutotangaza vita na Facebook kabla ya kuwa na mahali pa kulala.

Aliyefanikiwa kupita wote alianza bila ya kelele. Eugen Rochko, kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, aliitangaza programu yake ya Mastodon mwezi wa Oktoba 2016. Mapema mwaka uliofuata wageni walianza kumiminika, wengi wao kutoka Japani, ambako kampuni ya wachoraji Pixiv ilisimika seva iitwayo Pawoo mwezi wa Aprili 2017, nayo katika muda mfupi ikaipita kwa ukubwa hata seva ya Rochko mwenyewe. Tarehe 23 Januari 2018 shirika la W3C, linaloangalia kanuni za wavuti, liliidhinisha itifaki ya ActivityPub, iliyohaririwa na Christine Lemmer-Webber na Jessica Tallon, na miongoni mwa waandishi wake akiwamo Prodromou yuleyule wa identi.ca. Mastodon ilikuwa imekwisha kuichukua, PeerTube ya video ikaichukua, na Pixelfed ya picha, na Lemmy ya mijadala, na jamii hiyo yote ya programu zinazosikizana ikaitwa Fediverse.

Namna inavyofanya kazi ni nyepesi kuieleza. Kila mtu ana anwani yenye sehemu mbili, jina lake na jina la seva yake, kama anwani ya barua pepe. Mtu wa seva ya Berlin akitaka kumfuata mtu wa seva ya Osaka, seva yake huiuliza ile ya Osaka kama mtu huyo yupo, kisha humpelekea ombi. Akikubali, basi tangu siku hiyo kila anapoandika, seva ya Osaka huupeleka ujumbe wake katika sanduku la seva ya Berlin, ukiwa umetiwa muhuri wa kompyuta unaothibitisha kwamba haukughushiwa njiani. Hakuna wa tatu kati yao. Na msimamizi wa Berlin akiona kwamba seva fulani imejaa matusi au ulaghai, huikatia uhusiano seva hiyo nzima, naye hana haja ya kungoja hukumu ya mtu mwingine. Mwaka 2019, jukwaa la Gab, lililokuwa makazi ya wenye siasa za chuki nchini Marekani, lilipohamia katika programu ya Mastodon, halikuweza kuzuiwa kuitumia, kwa kuwa ni huria. Lakini wasimamizi wa seva nyingi waliifungia milango, na Gab ikabaki peke yake.

Sharti la leseni ya Mastodon, iitwayo AGPL, ndilo lililonifanya nilikumbuke suala la wakfu. Lasema kwamba yeyote anayeibadilisha programu na kuiweka mtandaoni itumiwe na watu, ni lazima awape watumiaji hao msimbo wake wote, pamoja na mabadiliko. Yaani kilichotolewa kwa umma hakirudi katika milki ya mtu. Mwezi wa Oktoba 2021 kampuni ya Donald Trump ilipolionyesha jukwaa lake la Truth Social, watu wakagundua kwamba limejengwa juu ya msimbo wa Mastodon pasipo kutajwa. Rochko na wenzake wakaandika barua ya kudai haki, na mwezi uliofuata msimbo ukawekwa hadharani. Fundi mmoja wa Ujerumani na barua yake walimtaka aliyekuwa wakati huo rais mstaafu wa Marekani atimize sharti la mtoa wakfu, na likatimizwa.

Ndipo ikaja gharika. Tarehe 27 Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na watu wakaanza kutafuta pa kuhamia. Kwa hesabu iliyotolewa na Rochko, watumiaji wa kila mwezi wa Mastodon walitoka takriban 300,000 mwezi wa Oktoba wakafika milioni 2.5 mwezi wa Novemba. Msomaji ajaribu kuwaza maana ya nambari hiyo kwa mwalimu au fundi aliyefungua seva kwa ajili ya marafiki zake mia tatu: foleni ya ujumbe ambao haujapelekwa inarefuka saa hata saa, diski inajaa picha za watu asiowajua, malalamiko ya matusi yanamngoja asubuhi kabla hajanywa chai, na bili ya mwezi imeongezeka maradufu. Wengine walifungua mifuko ya michango, wakapata wasaidizi, wakasimama. Wengine walichoka, wakafunga. Katika miaka iliyofuata idadi ya watumiaji ilishuka ikawa chini ya milioni moja.

Wapinzani husema kwamba nyumba za matajiri angalau zina wafanya usafi wa mshahara. Ni kweli, na Nairobi inawajua, kwa kuwa kwa miaka kadhaa vijana walikaa humo katika ofisi ya kampuni ya kandarasi wakichuja machapisho ya kutisha ya Facebook kutoka nchi nyingi za Afrika, na mwezi wa Mei 2022 mmoja wao akaipeleka kampuni hiyo pamoja na Meta, mmiliki wa Facebook, mahakamani akidai kwamba kazi hiyo iliwaharibu nafsi na malipo yake yalikuwa duni. Mzigo wa kusafisha haukuondoka. Uliwekwa mbali na macho. Katika Fediverse mzigo huo unaonekana, una jina la mtu, na mtu huyo anaweza kusaidiwa au kuulizwa. Hiyo ndiyo fadhila yake kuu kwa maoni yangu, nami naiweka mbele ya sifa zote za kiufundi.

Zaidi ya hayo ipo haki ya kuhama. Mtumiaji wa Mastodon asiyeridhika na seva yake aweza kuihamisha akaunti yake kwenda seva nyingine, na wafuasi wake wakahamishwa pamoja naye. Maandishi yake ya zamani, kwa bahati mbaya, hubaki nyuma, na kasoro hii ni kubwa. Tena seva ikifa ghafla hakuna cha kuhamisha. Mwaka 2023 Mali iliporejesha mikononi mwake usimamizi wa anwani zinazoishia na .ml, jumuiya moja iliyokuwa na anwani ya namna hiyo iliipoteza. Bluesky, uliotangazwa kama mradi ndani ya Twitter mwaka 2019 na kufunguliwa kwa umma mwezi wa Februari 2024, ulikusudia kuitibu kasoro hiyo kwa kuutenganisha utambulisho wa mtu na seva anayokaa, na kwa ufundi nauona ni bora. Lakini hadi sasa walio wengi mno wanaishi katika seva za kampuni moja, na kisa cha Google Talk hakijasahaulika. Threads ya Meta, iliyopata watu milioni 100 katika siku tano za mwezi wa Julai 2023, nayo imeanza kuzungumza kwa ActivityPub. Mamia ya wasimamizi walikula kiapo cha kuizuia, wengine wakaipokea. Nazielewa pande zote mbili.

Kwa dola na taasisi, funzo lilipatikana Brussels. Mwezi wa Aprili 2022 Msimamizi wa Ulinzi wa Data wa Umoja wa Ulaya alifungua seva ya Mastodon kwa ajili ya taasisi za umoja huo, ikasifiwa kila mahali. Tarehe 18 Mei 2024 ikafungwa, kwa kuwa ofisi hiyo ndogo haikuweza kuendelea kuibeba wala haikupata taasisi nyingine ya kuirithi. Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ilibidi ijifungulie seva yake. Rochko mwenyewe alilielewa jambo hili: mwezi wa Januari 2025 alitangaza kwamba ataikabidhi milki ya Mastodon kwa shirika lisilo la faida, na mwishoni mwa mwaka huohuo akaachia uongozi.

Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu, na mabaraza yetu ya lugha, na vyama vya waandishi, walitazame jambo hili kwa macho ya kazi. Programu ni bure na sharti lake ni jepesi. Kinachohitajika ni kompyuta moja ya kukodi, anwani, kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili, na zaidi ya yote mtu au watu wawili waliopewa kazi hiyo rasmi, wenye mshahara, wenye naibu, na wenye fungu katika bajeti ya kila mwaka. Kwani seva iliyoachiwa kijana mmoja wa kujitolea itakufa siku atakapopata kazi nyingine. Chuo kisichokuwa tayari kuliandika fungu hilo katika bajeti yake ni heri kisianze. Na kilicho tayari, kianze mwaka huu.